Kioo cha laptopu kikifanya mawimbi ukikibonyeza: ushtuke au uache?

Ijumaa moja baada ya swala niko zangu dukani, Barabara ya 10 hapa Ngamiani, Tanga, natoa fotokopi za watu, mara mpwa wangu huyo anaingia kaikumbatia laptopu kifuani kama mtoto mwenye homa. "Shikamoo mjomba, laptopu imekufa." Marahaba, imekufaje? Akaiwasha, ikawaka vizuri tu, halafu akaweka kidole katikati ya kioo akabonyeza. Pale pale pakatokea duara la rangi rangi, zambarau kwa ndani kijani kwa nje, kama tone la dizeli kwenye dimbwi la maji, na kila akisogeza kidole lenyewe linamfuata. "Unaona sasa? Jana nilikuwa nafuta alama za vidole ndo nikaona, mjomba sijalala."

Nikamwambia toa kidole. Akatoa. Haya hesabu. Moja, mbili, hakufika tatu, kioo kishatulia kama maji ya Raskazone asubuhi.

Basi kama na wewe kimekukuta hicho hicho, yani ukibonyeza kioo rangi zinachuruzika ukiachia zinarudi, jibu ndo hilo: laptopu yako ni nzima, usipeleke popote. Cha kuangalia sio kinachotokea wakati kidole kipo, ni kinachobaki kidole kikiondoka. Mengine yote ntakayoandika hapa chini yanatoka kwenye hilo, na kuna mambo mawili matatu ambayo kweli ni ya kushtuka, tena moja sio la kioo kabisa ni la betri, kwahiyo usikimbie.

Kwanza kwanini inafanya vile. Kioo cha laptopu sio kioo kimoja, ni kama chapati zilizopangwa kwenye sinia. Nyuma kabisa kuna taa, siku hizi ni ukanda wa vitaa vya LED vimekaa ukingoni mara nyingi upande wa chini, halafu plastiki inayosambaza ule mwanga ufike kote, halafu karatasi kadhaa nyeupe za kuulainisha. Mbele ya hapo ndo kuna vioo viwili vyembamba sana, na katikati yake kuna kimiminika wanachokiita fuwele kioevu. Hiyo nafasi ya katikati ni mikroni chache tu, tatu nne tano hivi, unywele mmoja wa kichwani kwako umeizidi unene zaidi ya mara kumi! Molekuli za kile kimiminika zinapangwa na umeme, zikigeuka hivi mwanga unapita, zikigeuka vile unazuiwa, na kwenye kioo cha kawaida cha 1920 kwa 1080 hiyo kazi inafanyika kwenye nukta zaidi ya milioni 2 kwa wakati mmoja. Sasa wewe unakuja na kidole gumba chako unaibana ile nafasi, kimiminika kinakimbilia pembeni, molekuli zinalala ovyo, mwanga unapita usipotakiwa kupita. Ukiachia kioo kinajinyoosha, umeme unazipanga tena. Ndo maana mawimbi.

Wale tuliokua na TV za chogo tulikuwa tunazigonga kofi kabisa na picha haitikisiki, kwasababu mle hamna maji ni kioo kinene na hewa imetolewa, kwahiyo tuna mikono mizito. Hivi vioo vya sasa havitaki hiyo habari.

(Alafu hii fuwele kioevu historia yake inanichekesha. Aliyeiona kwanza hakuwa fundi umeme, ni mtaalamu wa mimea, Friedrich Reinitzer, mwaka 1888 kule Prague, alikuwa anachunguza kitu kilichotokana na karoti akakuta kinayeyuka mara mbili, nyuzi 145.5 kinakuwa ukungu ukungu, 178.5 ndo kinakuwa angavu. Karoti bana. Zile zinazoshushwa kutoka Lushoto kila siku.)

Haya, turudi kwenye kupima. Na sheria ya kwanza kabisa, usikae unabonyeza bonyeza kuhakikisha! Mara moja umeona imetosha. Mpwa wangu alikiri usiku ule kabonyeza kama mara hamsini, kila pembe, kuona kama imezidi. Mimi nkamwambia kama ilikuwa nzima basi wewe ndo ulikuwa unaitafutia ugonjwa.

Fungua picha nyeupe tupu ijae kioo kizima, hata ukurasa mtupu wa kuandikia unatosha, ongeza mwanga mpaka mwisho, halafu kaa mbali kidogo uangalie. Unatafuta madoa. Kama kuna sehemu iko nyeupe zaidi ya wenzake, kama mtu kaweka kitochi kwa nyuma, hapo kuna mgandamizo ulishawahi kutokea na zile karatasi za nyuma za kulainisha mwanga zimebonyea au zimekwaruzana. Hilo doa halirudi, lakini pia mara nyingi haliui kioo, unaweza kuishi nalo miaka. Kisha weka picha nyeusi, zima taa ya chumbani, angalia pembeni: mwanga kidogo kuvuja kwenye kona ni jambo la kawaida kwenye vioo vingi hasa vya IPS (aina mojawapo ya hivi vioo vya kimiminika), ila ukikuta kimstari chembamba kinachong'aa kama utando wa buibui huo ni ufa, hata kama ukipitisha kidole huusikii, kwasababu kilichopasuka ni kioo cha ndani. Ukimaliza weka nyekundu, kijani, bluu, moja moja, nukta iliyokufa itajionyesha yenyewe.

Wenye Dell mna raha yenu, zima laptopu kabisa, shikilia herufi D halafu washa, kioo kitajipima chenyewe kwa kupitisha rangi hizo bila hata kuingia Windows. Rangi zikipita safi hapo lakini ukiingia Windows picha inaharibika, basi kioo hakina kosa tafuta kwingine.

Kipimo ninachokipenda mimi ni cha bure na hakitaki ujuzi. Kama kioo kinaonyesha mistari au madoa, piga skrinishoti, itume kwenye simu yako, iangalie huko. Kama mistari haipo kwenye simu, maana yake laptopu inachora picha nzuri tu na tatizo liko kwenye kioo au njia ya kwenda kwenye kioo. Kama mistari imo mpaka kwenye skrinishoti basi ni draiva (programu inayoendesha kifaa cha kuchora picha) au mambo ya grafiki, na hapo unaweza kujaribu kubonyeza Windows, Ctrl, Shift na B kwa pamoja, kioo kitakata sekunde kisha kurudi, hiyo inawasha upya draiva ya grafiki. Ukiwa na TV nyumbani chomeka na waya wa HDMI, ni kipimo hicho hicho kwa njia nyingine na chenyewe kina uhakika zaidi, TV ikiwa safi mashaka yanabaki kwenye kioo na waya wake, TV nayo ikiwa na mistari hiyo hiyo mambo yako kwenye bodi, ule ubao mkuu wa saketi za laptopu.

Sasa kuna hili la fleksi na hapa ndo watu wengi wanaliwa hela, na mimi nimo. Fleksi ni ule waya bapa unaotoka kwenye bodi, unapita kwenye bawaba, unapanda nyuma ya kioo. Kila ukifungua na kufunga laptopu unakunjwa. Dalili yake ni tofauti kabisa na yale mawimbi: hubonyezi kioo unabonyeza fremu, au unasogeza tu mfuniko nyuma mbele, na picha nzima inacheza, inakuwa nyeupe, inajaa mistari, inazima, na ukifika pembe fulani inatulia kabisa. Mawimbi ya kawaida yanakaa chini ya kidole chako hayaendi mbali. Ukigusa kona ya kushoto na vurugu ikatokea kote au upande wa pili, hicho sio kimiminika, hicho ni waya au soketi yake.

Yangu ilianza hivo, ikifunguka nusu iko sawa ikifunguka zaidi ya hapo inapepesa. Nikapeleka kwa fundi mmoja, jina lake na mtaa wake tuviache, akainamia sekunde kumi, akabonyeza pembeni, "kaka kioo kimekufa hiki". Nikalipia kioo. Nikarudi nyumbani nimefurahi, siku ya nne inapepesa kama kawaida. Kumbe fleksi imechubuka pale kwenye bawaba, na ile siku aliyofungua akairudisha kidogo ikakaa vizuri ndo maana ikatulia siku tatu. Mwingine akanibadilishia fleksi kwa hela ya kawaida kabisa na mpaka leo. Kile kioo cha zamani kizima nilichoambiwa kimekufa sikukidai, na hiyo ndo inaniuma. Mkeo au mama watoto anaweza kukusamehe mengi lakini hilo atakukumbusha kila ukitaja neno laptopu.

Kwahiyo kabla ya kumwambia mtu yoyote badilisha kioo, fungua mfuniko taratibu sana kutoka chini mpaka mwisho wake ukiwa unaangalia picha. Ikicheza kwa pembe, sema mwenyewe kwa mdomo wako: fundi anza na fleksi na soketi zake zote mbili. Sisi wa pwani tuna na hili la chumvi, hewa ya bahari na unyevu vinashambulia pini za soketi zinaota kutu ya kijani, na fundi makini akichomoa fleksi akaisafisha na spiriti akairudisha, wakati mwingine imeisha hapo hapo.

Kuna mstari mmoja tu unaosimama kutoka juu mpaka chini, rangi moja, haubanduki, lakini ukibana fremu kwa juu au chini yake unapotea ukiachia unarudi. Hiyo nayo watu wanadhani ni waya. Mara nyingi sio, ni pale ukingoni mwa kioo ambapo vijikaratasi vyenye saketi vimegandishwa kwenye kioo chenyewe, gundi yake imeachia. Mafundi wengine wanachomeka kikaratasi au kipande cha sponji pale pawe pamebanwa, na inaweza kusogea miezi kadhaa hivo hivo, mimi siwezi kumlaumu mtu asiye na hela ya kioo, ila ujue ni plasta sio tiba, na ukibana sana unapasua.

Na ikiwa "wino umemwagika", lile doa jeusi au zambarau kama ramani, hapo hamna mjadala kioo kimepasuka ndani. Sio wino, ni ile nafasi nyembamba imefunguka hewa imeingia na kimiminika kimetawanyika, na doa linaweza kukua siku hadi siku. Hakuna mkanda wala gundi. Hamisha mafaili yako mapema ukiwa bado unaona, kioo kikiziba kabisa data zako bado zipo ila utahitaji TV kuzifikia. Kama kioo kimepasuka mpaka nje na kuna ute ute umegusa mkono, nawa na sabuni, usimwachie mtoto acheze nacho.

Kuna vioo viwili ambavyo hayo maneno yangu ya "mawimbi ni kawaida" hayaviingii vizuri. Laptopu za tachi kwa kawaida zina kioo kigumu cha ziada mbele, hazitoi mawimbi kirahisi, zimetengenezwa kuguswa, kwahiyo kama yako ya tachi ilikuwa haifanyi na leo inafanya ukiigusa kidogo tu, jiulize nini kimebadilika. Na za OLED hazina kile kimiminika wala taa ya nyuma, kila nukta inawaka yenyewe. Hizo hazitakiwi kufanya mawimbi kabisa, ukibonyeza pakabaki doa la kijani au zambarau au mstari, umeshaumiza. Bei ya vioo hivyo bora hata usiulize ukiwa umesimama.

Haya ile ya betri niliyoahidi. Weka laptopu yako mezani, meza iliyonyooka. Inayumba? Tachipedi imeinuka au imekuwa ngumu kubonyeza? Mfuniko haufungi ukakutana, kuna uwazi? Betri imevimba. Kwenye laptopu za kawaida betri iko chini ya kibodi, ikivimba inasukuma kibodi juu, na ukifunga ile kibodi inakibana kioo kila siku, ndo unaanza kuona madoa meupe na alama za vitufe bila kujua vimetoka wapi. Kwenye zile zenye kibodi ya kuchomoa, ambazo ni kama tableti, betri iko nyuma ya kioo kabisa, ikivimba inakisukuma kioo chenyewe mpaka kinabanduka kwenye fremu. Hapo usibonyeze kurudisha ndani, usitoboe kutoa upepo (nimeona mtu anataka kufanya na sindano ya kushonea wallahi), zima, chomoa chaja, usiichaji tena, iweke mbali na kitanda na mapazia, peleka itolewe. Hii ndo ya kukukosesha usingizi. Mawimbi hapana.

Yanayoua vioo hapa kwetu nimeyaona ni yale yale. Basi la Dar, begi umelibana miguuni au umelisukumia juu kwenye keria na mtu kaweka ndoo ya machungwa ya Muheza juu yake, na ndani ya begi chaja yako, lile tofali lake jeusi, limekaa sambamba na mgongo wa mfuniko. Kufika Segera kioo kishapata doa jeupe la saizi ya lile tofali. Chaja ikae mfuko wa mbele, na upande wa mfuniko uelekee mgongoni kwako au kwenye daftari kubwa bapa. Baiskeli na bodaboda nazo, laptopu ivaliwe mgongoni isifungwe kwenye keria ya nyuma na mpira.

Nyingine ni kusahau kitu juu ya kibodi. Earphone, kalamu, memori kadi. Unafunga unasikia "kech" basi. Hata vile vifuniko vya kamera watu wanavyobandika, Apple walitoa tangazo mwaka 2020 kwamba ukifunga MacBook ikiwa na kifuniko cha kamera unaweza kuvunja kioo, kama ni lazima kisizidi unene wa milimita 0.1, yani karatasi. Bandika kipande cha karatasi ukitoe ukimaliza.

Ukifungua, shika katikati juu, usivute kona moja, ukivuta kona kila siku mfuniko unapinda na bawaba inang'oa skrubu zake. Usiibebe kwa kushika kioo kama sinia la visheti. Kusafisha, zima kwanza, kitambaa laini kikavu, doa likigoma lowesha kitambaa kidogo na maji, usipulizie kitu moja kwa moja kwenye kioo maana maji yanateleza yanaingia kwenye ukingo wa chini na huko ndo kuna saketi. Ile dawa ya vioo vya dirisha weka mbali. Na usikandamize, futa kama unamfuta mtoto uso.

Ukienda kununua ya mtumba muuzaji akikubonyezea kioo kukuonyesha kizima, mwambie kaka acha, niwekee picha nyeupe. Picha nyeupe, picha nyeusi, mfuniko nyuma mbele mara tatu, tikisa mezani kuona kama inayumba, dakika mbili umemaliza.

Na ikiwa kweli kioo ni cha kubadilisha, mwombe fundi akifungua akuonyeshe stika ya nyuma ya kioo uipige picha. Kuna namba pale, mara nyingi ina 156 ndani yake ikiwa ni ya inchi 15.6 au 140 ikiwa ya inchi 14, hiyo ndo ya kutafutia kioo kingine. Angalia na soketi, zinazokutwa sana ni za pini 30 na pini 40 na hazibadilishani, hata kama vioo vinafanana kwa sura. Kabla hujalipa ipime kwa zile rangi tano. Na kioo chako cha zamani ondoka nacho!

Mpwa wangu tulipoweka picha nyeupe tukakuta doa moja jeupe upande wa kulia chini, dogo kama punje ya mchele, pengine ni yale mabonyezo yake hamsini ya usiku. Kaliangalia, kakaa kimya, halafu akavuta kile kipicha cha pipa la taka akakiweka juu yake. Mpaka leo kipo hapo.